Zulma wa Chupa na Zulma wa Pipa

Watu wanaochukua bia nzuri, wakaifungia kwenye pipa la mbao na kuisubiri mwaka mzima, mimi nawaona hawana kazi ya kufanya. Bia ikishaiva imeiva. Unaitia chupani, unaiacha ijipatie povu lake, unainywa. Ukimwona mtu anaiingiza kwenye pipa lililokuwa na wiski ya Waskoti au divai ya Wafaransa, halafu anakuja kukuambia kwamba sasa imepata "kina", basi jua ama bia yake ilikuwa mbovu tangu mwanzo, ama mbovu ni yeye.

Nina haki ya kusema hivyo. Jina langu ni Zulma, na bia ya kwetu nayo inaitwa Zulma. Sote wawili tulirithi jina la bibi mzaa baba, ambaye ndiye aliyeanza kuipika. Ni nyeusi, nzito, kali. Glasi ya kwanza unacheka, ya pili unatafuta kiti, ya tatu unatafuta mtu wa kukurudisha nyumbani. Kaka yangu Odiel ndiye mpishi wake, na kiwanda kiko ng'ambo ya barabara, mkabala na baa yangu. Nimesimama nyuma ya kaunta hii tangu nikiwa msichana wa kusuka nywele mikia miwili. Katika mkoa wetu wote wa Flanders Magharibi sijaona mtu wa kunifundisha Zulma inapaswa kuwaje.

Sasa Odiel ana mtoto mmoja tu, Jozefien. Alikwenda kusoma mambo ya chachu huko Ghent, akarudi na mapipa kichwani. Siku ya kwanza alipoyashusha kwenye lori, matatu, moja la wiski na mawili ya divai, nilitoka mlangoni na kitambaa changu cha kufutia glasi nikamuuliza kama anafungua duka la majeneza.

"Shangazi, onja kwanza ndipo utukane," akaniambia.

"Nionje mbao? Kwani mimi mchwa?"

"Wewe mwenyewe umekaa kwenye mbao maisha yako yote. Kaunta hiyo ni ya nini, ya plastiki?"

"Mimi sijapandishwa bei, mwanangu."

Alicheka. Ni msichana wa kucheka, huyo, tena mwenye mabega. Alilisukuma pipa peke yake hadi stoo ya chini huku wanaume wawili wakimtazama. Akachukua mpiko mmoja wa Zulma, akaugawa. Nusu ikaenda kwenye chupa kama kawaida, nusu ikagawanywa kwenye yale mapipa matatu. Bia ile ile, ya tangi moja, ya siku moja. Ndipo atakapoweza kulinganisha, alisema, ajue mbao imeongeza nini na imeondoa nini. Nikamwambia mimi namjibu bure bila kungoja mwaka: imeongeza upuuzi, imeondoa bia.

Odiel alikuwa mbaya kuliko mimi. Mtu akitaja pipa mbele yake alikuwa anakunja uso kama ameombwa damu. "Mbao ni za kuchomea jiko," alikuwa anasema, na wateja wanaitikia, na mimi naitikia kuliko wote. Tulikuwa tukimsimanga yule msichana kila Jumapili kwa zamu, kaka na dada, kama watu wanaopokezana mpira.

Lakini mwaka ulipoisha mzaha ukaota meno. Kiwanda kimoja cha Denmark, mjini Aarhus, kilimwita Jozefien akawe mpishi mkuu wao. Akamwendea baba yake. Mimi nilikuwepo, nilikuwa nimepeleka supu.

"Baba, miaka saba naosha matangi," akasema. "Siku ya kufungua mapipa, uonje kwa haki. Ukikuta hata pipa moja linalofaa kwenda chupani kwa jina la bibi, nabaki, na unaniachia tangi nipike. Ukiona yote ni takataka, nakwenda Aarhus, na hapo sitarudi kukuosheeni kitu."

"Haya," akasema Odiel. "Na ukienda uvae soksi nzito."

Ndivyo alivyo. Mwanao wa pekee anakuambia anaondoka, wewe unamjibu habari za soksi. Kiwanda hakina mtoto mwingine. Mimi sikuzaa, na Odiel ana miaka sabini na magoti mabovu. Msichana akienda, Zulma imekwisha. Watakuja wale wenye viwanda vikubwa wanunue jina, waipikie huko wanakopikia maji yao ya njano.

Kwa hiyo Jumapili yenyewe nilimvizia Odiel mlangoni pa kanisa, nikamshika mkono wa koti.

"Sikiliza, kaka. Mapipa nayachukia, unajua. Lakini leo tafuta moja, hata lililo afadhali, ulisifie. Usimfukuze mtoto kwa sababu ya mbao."

"Nidanganye kwenye bia?"

"Nani kasema udanganye? Matatu yale hayawezi kuwa mabaya yote. Sifia moja, mengine tukana utakavyo."

Akatazama viatu vyake. "Moja," akasema. "Nitamsifia moja." Nikaona macho yamelowa kidogo, nikajifanya natafuta glavu zangu.

Kwetu siku ya kufungua pipa ina desturi yake, na desturi hiyo haina mzaha. Watu wanakaa meza moja, kila mtu glasi yake. Mapipa yote huletwa, hata lililoharibika, ili mpishi mkuu alihukumu mbele ya watu na limwagwe kwa heshima. Na hakuna anayefungua mdomo kuhusu bia kabla mpishi mkuu hajasema. Huruhusiwi kuguna, kukunja uso wala kusema "mmh". Bibi alimtoa nje padri kwa kusema "mmh".

Tulikaa kwenye baa yangu, nimefunga mlango kwa wateja. Mezani niliweka jibini iliyokatwa vipande na haradali. Alikuwepo Odiel, mimi, Jozefien wa kumimina, na wale wajumbe watatu wa chama cha waonja bia, Undugu wa Glasi Iliyojaa, ambao huwezi kufungua hata soda katika wilaya hii bila wao kutokea. Wanavaa majoho ya kijani na medali kifuani, watu wazima wenye wake zao. Kiongozi wao ni Bwana Rombaut, daktari wa meno. Akinusa bia anafumba macho kama anapigwa picha ya pasipoti. Bwana huyu aliwahi kukaa kaunta yangu akanieleza kwamba bia ya pipa "inamsimulia hadithi". Nikamuuliza je, hadithi hiyo haijafika mahali pa kulipa na kwenda nyumbani.

Jozefien akaanza na ya chupa, Zulma mwenyewe, ile nusu ambayo haikuona mbao. Povu la rangi ya kahawa ya maziwa. Nikanusa: ganda la mkate lililoungua kidogo, zabibu kavu, sukari ya kahawia inayokaribia kuwa chungu. Ilikuwa imetulia. Nikajisemea moyoni, haya, ishindeni hiyo kama mnaweza.

"Hiyo ni bia," akasema Odiel. Desturi ilipokwisha kutimizwa, majoho yote matatu yakaguna kwa pamoja.

Pipa la kwanza, la wiski. Lo! Moshi na vanila mpaka kwenye kope. Bia yenyewe ilikuwa huko chini mahali fulani, inaita msaada. Odiel aliinusa, akainywa, akaitema kwenye ndoo.

"Mbao," akasema.

Nilifurahi, sitaficha. Nadhani hata Jozefien alilijua hilo.

Pipa la pili, la divai. Hapa ndipo nilipopatwa na tatizo. Niliinua glasi nikiwa na tusi tayari mdomoni, na tusi likakwama. Ilikuwa Zulma ile ile, mkate ule ule, lakini ukali wa mwisho umelainika, na kuna cherii, si cherii ya pipi, cherii yenyewe, na kokwa yake. Nikarudi kwenye ya chupa kulinganisha. Ikaonekana ina haraka, kama mtu anayezungumza huku amevaa koti. Nikarudi kwenye ya pipa. Nilikasirika sana. Mwaka mzima wa kumsimanga mtoto, na sasa kitu chenyewe ni kizuri! Nikamtazama Odiel, nikasema moyoni, hiyo hapo, kaka, wala huna haja ya kudanganya, sema tu.

Odiel akainusa muda mrefu. Akainywa. Akaitema.

"Mbao tena," akasema.

Jozefien aliweka jagi mezani polepole. Mimi nilimkanyaga Odiel mguu chini ya meza kwa nguvu zangu zote, akausogeza mguu wake.

Pipa la tatu. Hili lilikuwa limekaa tupu huko lilikotoka majira yote ya joto kabla ya kutiwa bia, na kumbe lilikuwa limeota koga ndani. Jagi lilipoingia mlangoni tu tulijua. Ilikuwa harufu ya mbwa aliyenyeshewa akalala juu ya magazeti ya zamani. Jozefien alilileta kwa sababu desturi inamtaka alilete, alitegemea baba yake atatukana, atalimwaga, watu watacheka kidogo. Mjumbe mmoja wa joho la kijani alianza kubanwa na kikohozi, akajizuia hadi machozi yakamtoka. Mimi sikuigusa. Nilishika glasi mbali na uso.

Odiel akainua yake. Akaweka pua ndani. Akavuta pumzi, akatulia, akanywa fundo kubwa, akameza. Halafu akafanya jambo ambalo sijamwona akilifanya tangu siku ya harusi yake: akatabasamu mbele ya watu.

"Hii," akasema. "Hii ndiyo. Hii iende kwenye chupa, kwa jina la bibi yetu. Jozefien, hapa umepatia."

Kisha Bwana Rombaut, kwa kuwa sasa ruhusa imepatikana, akafumba macho.

"Ndicho nilichotaka kusema, Bwana Odiel! Udongo! Uyoga! Msitu baada ya mvua! Ina ujasiri, hii. Ndugu zangu, mnausikia ule uyoga?"

Na ndugu zake, Mungu awasamehe, wakausikia. Wakavuta pua zao zote, wakasema naam, uyoga, na labda ngozi ya tandiko la farasi. Yule wa kikohozi akasema ndiyo bora aliyowahi kuonja. Nimewadharau watu wengi katika baa hii, walevi, wapiga kura, watu wanaotia barafu kwenye bia. Lakini sijawahi kuwadharau watu kama nilivyowadharau wale watatu dakika ile.

Jozefien alikuwa amesimama.

"Unanifanyia mzaha, baba?"

"Mzaha gani?"

"Mbele ya watu! Ile ya pili umeitema, halafu unasifia uozo huu, ili nini? Ili nijue kazi yangu yote ni uozo? Si ungesema tu niondoke, ukanyamaza!"

"Nimekusifia, unanipigia kelele?" Odiel alimtazama, akanitazama mimi. "Zulma, si nimemsifia?"

Na ile sura ndiyo iliyonimaliza. Mimi namjua kaka yangu akifanya ukatili, anafanya mara kwa mara, na midomo yake huwa inabana upande mmoja. Haikubana. Alikuwa ametoa zawadi, anashangaa imekataliwa.

"Odiel," nikasema. "Hiyo inanuka mbwa."

"Mbwa?"

"Mbwa aliyelowa. Chumba kizima kinanuka. Nusa."

Akaiinua glasi tena. Akaingiza pua mpaka povu likamgusa, akavuta, akavuta tena, kwa nguvu, kama mtu anayesukuma mlango ambao jana ulikuwa unafunguka. Akaiweka chini. Akachukua ya pili, akavuta. Akachukua ya wiski, ambayo hata maiti angeisikia. Akachukua haradali yangu, kibakuli kizima, akaipeleka puani. Machozi yalimtoka kwa ukali wake, lakini uso ulibaki vile vile.

"Sisikii kitu," akasema.

"Tangu lini?" Jozefien akauliza. Sauti ilikuwa imeshuka.

"Tangu ile homa yangu ya mwaka juzi. Nilidhani pua itarudi." Akajifuta povu puani kwa mkono wa shati. "Ulimi bado upo. Utamu naujua, uchungu naujua. Kwa hiyo nikawa nasema mbao. Ukisema mbao, nani atabisha?"

Hakuna aliyebisha, kweli. Hata mimi. Miezi yote hiyo nimekaa naitikia matusi ya mtu ambaye hakuwa ameinusa hata harufu moja ya alichokuwa akikitukana. Nikajiona mjinga. Nikamgeukia Bwana Rombaut, maana hasira lazima ipate pa kwenda.

"Na wewe pua yako ina homa gani?"

"Mimi, Mama Zulma, kila mtu ana namna yake ya..."

"Toka. Na joho lako. Nendeni mkanuse uyoga huko nje, nyote watatu." Walitoka. Wa mwisho alichukua kipande cha jibini.

Tukabaki watatu. Odiel aliivuta glasi ya kwanza, ile ya chupa, akaizungusha zungusha bila kuinywa.

"Hii jamani msiniambie imeharibika," akasema. "Niambieni hii bado ni yenyewe. Inanukaje?"

Aliniuliza mimi, lakini Jozefien ndiye aliyejibu, akiwa bado amesimama.

"Ganda la mkate. Zabibu. Sukari inayotaka kuungua."

"Bado?" Odiel akafumba macho, na hakuwa anajionyesha kwa mtu. "Basi mikono inakumbuka yenyewe. Afadhali."

"Hapana, baba."

"Hapana nini?"

"Mikono yako haikumbuki. Tangu mwaka juzi unaipika tamu mno, na kimea unakichoma mpaka kinanuka majivu. Nilidhani umezeeka tu, au unafanya ubishi. Nikawa nakuja alfajiri kabla yako, naonja, napima kimea upya, mpiko mwingine naumwaga wote na kuanza tena. Hiyo unayoishika nimeipika mimi. Zote za miaka hii miwili nimezipika mimi."

Kila Jumapili nilikuwa namwonyesha yule msichana glasi ya chupa, namwambia tazama, hii ndiyo bia, kazi ya mtu anayejua, jifunze kwa baba yako uache mapipa. Naye alikuwa anasimama pale na kitambaa begani, ananisikiliza nikimsifia bia yake na kumtukania bia yake kwa pumzi moja. Na hata siku moja hakuniambia kwamba ni yake.

Odiel alikuwa na mikono miwili juu ya meza, glasi katikati. Nilidhani atalipuka. Ana jadi ya kuvunja glasi, huyu. Lakini mabega yalishuka tu, akawa mzee pale pale mbele yangu, kaka yangu, na ilinichoma kumwona hivyo.

"Kwa hiyo unakwenda Denmark," akasema. "Una haki. Kapike kwa watu wenye pua."

Jozefien alichukua jagi la tatu, akalimwaga kwenye sinki yangu, akafungua maji mengi juu yake. Kisha akarudi, akaichukua glasi ile mbele ya baba yake, akainywa yote kwa fundo tatu, akajifuta mdomo.

"Siendi popote," akasema. "Niiache bia yangu kwa mzee asiyenusa kitu? Thubutu."

Odiel aliinamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa meza. "Basi kesho nioshe matangi," akasema, na Jozefien akamwambia saa kumi na moja alfajiri, na asichelewe.